Kazi ya Melini Hainunuliwi

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapo Tanga mjini, ameniandikia kwamba wakala anamdai fedha nyingi ili amtafutie kazi katika meli kubwa ya abiria, naye anauliza kama auze kiwanja alichorithi. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu mnaitamani bahari kuu kama nilivyoitamani mimi: mdogo wangu, usiuze.

Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kupatiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha baharia, ilhali gharama ya viza ni juu ya mwenye meli. Nami nilidaiwa ada hiyo katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, na nilipokataa niliambiwa mbele ya watu kwamba binti wa Tanga arudi kwao akauze machungwa. Maneno hayo yananichoma hadi leo, ingawa sasa ninasimamia wahudumu wa vyumba katika meli inayovuka Atlantiki.

Fedha zangu nilizipeleka Chuo cha Bahari Dar es Salaam, nikajifunza kuzima moto, huduma ya kwanza na namna ya kujiokoa majini. Wapo wanaodhani kwamba mtandika vitanda hahitaji elimu hiyo, nami nasema wanakosea sana. Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na mashua zake 20 zilikuwa na nafasi ya watu 1,178 tu. Msiba huo ndio uliozaa mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, mwaka 1914. Siku hizi honi ikilia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu, mhudumu huacha shuka pale pale, akaenda kwenye kituo chake kuwaongoza abiria.

Kwa hiyo, vijana wenzangu wa Tanga, someni kwanza, kisha ombeni kazi. Mkataba ukifika mezani, usomeni wote kabla ya kutia saini, na mhakikishe unawapa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Wakala akiendelea kudai ada, karatasi zake zipelekeni TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini.