Jiko la Gesi la Kupachikwa: Tazameni Nyuma ya Droo

Alfajiri moja hapa kwetu Mkomani, Lamu, nilishuka kuteleka chai, nikamkuta mavyaa kasimama mlangoni mwa jikoni. "Mwanangu, usiguse taa. Nasikia harufu ya gesi."

Jiko lenyewe lilikuwa na mwezi mmoja tu, la kupachikwa kwenye kaunta, na mtungi wa kilo 13 umefichwa kabatini. Nilifunga mtungi, nikaacha milango wazi, tukakaa dakani mpaka harufu ikaisha. Kulipokucha nikachomoa droo. Mpira wa gesi ulikuwa umepitishwa nyuma yake, na kila droo ikifungwa, ukingo wake ukiuparuza. Palikuwa na mchaniko mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Nyumba zetu za mawe zina matundu ya juu ya kutolea moshi, na fundi wangu aliniambia hayo yatosha. Hayatoshi. Moshi hupanda, lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hushuka, ikajaa kabatini, ikatambaa sakafuni, ikangoja cheche. Kabati linalopitiwa na gesi litobolewe chini kabisa, na matundu yatokeze penye hewa, yasiishie kwenye kabati jingine.

Tulileta fundi wa pili, wa gesi hasa. Mtungi akautoa uani, ukasimama wima kivulini. Akavuta bomba la shaba, na pale linapopenya ukutani akalipitisha ndani ya bomba jingine pana kidogo, shaba isigusane na chokaa. Koki akaiweka kando ya jiko, uweze kuifunga bila kupitisha mkono juu ya moto. Kazi hii mpeni anayeijua, hata kama bei itawauma.

Na mkiletewa jiko na jamaa walioko Uingereza, kama tulivyoletewa na shemeji, someni kibandiko cha chini yake kabla ya kuliunga. Huko majiko mengi hutumia gesi asilia ya bombani, na jeti zake, vile vichwa vidogo vinavyotoa gesi kwenye moto, zina matundu makubwa kuliko yanayofaa gesi ya mtungi. Letu liliwaka moto mrefu wa manjano, sufuria zikawa nyeusi tititi. Fundi alibadilisha jeti zote, akahakikisha na regyuleta inalingana na jiko, moto ukawa wa buluu.

Chumvi ya bahari nayo hula klampu na regyuleta upesi, kwa hiyo kutu nazikagua mara kwa mara, na mpira naubadilisha kabla ya tarehe yake kupita.

Punda akileta mtungi mpya, mavyaa huwa keshakoroga sabuni kwenye kikombe. Tunafunga vifundo vyote vya jiko, tunafungua mtungi, naye anapaka povu kila kiungo kwa brashi. Pakitoa mapovu, mtungi unafungwa papo hapo na fundi anaitwa. Kibiriti hakikaribii.