Maswali na Majibu: Begi la Kulalia, Jiko na Safari za Theluji

Swali: Begi langu la kulalia limeandikwa -5, lakini usiku wa nyuzi joto 2 nilitetemeka hadi alfajiri. Nimeuziwa feki?

Jibu: Huenda begi linalaumiwa bure. Mabegi yanayopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 hupewa namba ya kulala kwa raha na namba ya mwisho wa kuvumilia. Ile inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya pili, nayo ni ya mtu aliyejikunja akisubiri kuche. Tofauti kati yake aghalabu ni nyuzi 5 au 6, kwa hiyo -5 yako ni karibu sifuri ukitaka kulala kweli.

Hata hivyo, kwa nyuzi 2 hukupaswa kutetemeka kiasi hicho, kwa hiyo tazama ulichotandika. Uzito wa mwili hubana manyoya au pamba iliyo chini yako mpaka isibaki na hewa, na joto linazama ardhini. Kinachozuia hilo ni godoro, na uwezo wake hupimwa kwa namba ya R. R ya 2 inatosha majira ya joto. Ardhi inayokaribia kuganda inataka 4, na juu ya theluji usishuke chini ya 5. Uzuri ni kwamba namba hizo hujumlishwa: mkeka wa povu wa R 2 chini ya godoro la kupuliza la R 3.5 unakupa 5.5, tena godoro likitoboka usiku hutabaki bila kitu chini yako. Nunua mkeka kwanza, begi jipya baadaye. Na usifunike pua ndani ya begi, maana mvuke wa pumzi hulowanisha manyoya, na manyoya ya bata yaliyolowa hayatunzi joto.

Swali: Jiko la kopo la gesi huwaka vizuri jioni, lakini asubuhi ya baridi moto ni wa kuzimika. Kopo bado zito. Limeziba?

Jibu: Halijaziba. Gesi iliyomo ni kimiminika, na lazima ichemke ndani ya kopo ndipo itoke. Butani ya kawaida huacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri, isobutani karibu -12, propani -42. Gesi hizi huchanganywa koponi, na propani hutangulia kutoka, ndiyo maana kopo lililotumika nusu husumbua kuliko jipya. Isitoshe, kadiri gesi inavyochemka ndivyo inavyolipoza kopo lenyewe. Ule ukungu mweupe wa barafu unaouona ubavuni mwake ndio dalili.

Lala na kopo ndani ya begi. Asubuhi lisimamishe kwenye bakuli la maji vuguvugu, kina cha sentimita 2 hivi. Hata maji baridi ambayo hayajaganda yanasaidia, kwa sababu kopo limeshapoa kuliko yenyewe. Usilipashe kwa moto, na usizungushe kizuia upepo kulizingira jiko linalokaa juu ya kopo: joto hurudi chini na kopo linaweza kulipuka. Ukienda kwenye baridi ya -15 na zaidi, chukua jiko la mafuta ya kimiminika, kama mafuta ya taa, lenye pampu, hakuna ujanja mwingine unaolipa.

Kama maji yako ni ya kuyeyusha theluji, ongeza mafuta. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunakula joto lile lile ambalo lingepandisha kilo hiyo ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80, kabla hata hujaanza kuchemsha. Tia maji kidogo kwenye sufuria kwanza, kisha theluji kidogo kidogo. Theluji kavu peke yake huunguza sufuria na maji yakanuka moshi. Pikia nje ya hema. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko, haina harufu na haimwamshi mtu.

Swali: Kichujio changu cha maji kiliganda usiku mmoja, lakini bado kinapitisha maji vizuri. Niendelee nacho?

Jibu: Kitupe. Ndani mna mirija myembamba kama uzi, na maji yakiganda humo hutanuka na kuipasua. Nyufa hizo huzioni, na maji yakipita kwa wepesi kuliko zamani hiyo si habari njema. Kingine kikiisha kulowa, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ulale nacho. Akiba iwe kuchemsha: dakika 1 ya kutokota, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Swali: Shanta inanikata mabega. Niongeze sponji?

Jibu: Hapana. Mkanda wa kiunoni uukalie mfupa wa nyonga, si tumbo. Ukaze kwanza, mikanda ya mabega baadaye. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mabega.

Swali: Tunapanga kupanda milima kwa ski nje ya njia zilizolindwa. Simu yenye GPS haitoshi badala ya transiva, kile kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji?

Jibu: Haitoshi. Transiva zote za maporomoko ya theluji huzungumza kwa kilohezi 457, na simu haizungumzi lugha hiyo. Aliyefukiwa ana dakika chache tu, kwa hiyo mwokozi wake ni aliye naye. Kila mtu abebe transiva, fimbo ya kuchomeka thelujini kumtafuta aliyefukiwa, ya sentimita 240 au zaidi, na sepetu ya chuma au alumini. Ya plastiki huvunjika, kwani theluji iliyoporomoka hushikamana ikawa ngumu. Kuchimba ndiko kunakokula muda mwingi, nako ndiko watu wasikofanyia mazoezi.

Simu ikae sentimita 20 mbali na transiva unapotembea, 50 unapotafuta, la sivyo mshale unadanganya. Tumia betri za alkali ila kama mtengenezaji ameruhusu nyingine: litiamu hukaa na kipimo kizuri kisha huzima ghafla. Kabla ya kuondoka mmoja atangulie, wengine wapite mbele yake mmoja mmoja ahakiki kuwa kila kifaa kinatoa mawimbi. Msimu ukiisha toa betri, maana zikivuja huozesha vyuma vya kifaa vinavyogusana nazo.