Kabla hamjapakia mchele

Pasua, Moshi

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, maana jogoo wa jirani alikuwa anashindana na wewe. Nimeelewa hivi: vijana wa usharika wenu huko Dar mmechanga, mna mchele, mafuta, sabuni na madaftari, na kwa kuwa wengi wenu mtakuwa mmekuja nyumbani Krismasi, mnataka kugawa hapa Pasua tarehe 23. Halafu ukauliza: "Mama, kwenye semina tumefundishwa habari za mzee John Perkins, mchungaji mweusi wa Marekani, jinsi ya kuwahudumia maskini bila kuwavunjia heshima. Sasa naogopa. Tukija na mchele tutakuwa tumekosea?"

Sikukujibu kwa simu kwa sababu jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu yangu naiweza zaidi kwa kalamu.

Ulikuwa kidato cha pili, bweni. Wakaja watu wa shirika fulani, jina lao liacheni lipumzike, na magari mawili. Walitaka orodha ya kaya 40, zile maskini kabisa, na waliitaka kufikia Ijumaa. Wazee wa kanisa tukakaa, wakasema kalamu ashike muuguzi, yeye anaingia kila nyumba. Nikashika. Na nikuambie ukweli, nilifurahia. Wiki ile watu walinisalimia kwa namna nyingine. Waliokuwa wanapita wakisema shikamoo kwa mbali sasa waliingia mpaka ndani na chane ya ndizi mkononi. Nilijiambia ni upendo.

Jumamosi foleni ilitoka mlango wa kanisa mpaka kwenye mwembe. Kila mmoja akaitwa kwa namba, akapewa mfuko, akaambiwa aushike kifuani, apigwe picha. Mama wa vitumbua alikuwa namba 11. Unamkumbuka vizuri, ndiye aliyekukopesha vitumbua miaka yote ya shule ukidhani mimi sijui. Alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili, kwa sababu aliyempelekea taarifa alimwambia tu "unaitwa kanisani", naye akadhani ni kikao. Wakamwambia ainue mfuko kidogo, atabasamu. Akainua, akatabasamu.

Mwaka uliofuata kukaja kalenda. Picha yake ilikuwa mwezi wa nne, na chini yake maneno kuhusu umaskini uliokithiri. Kalenda zile ziligawiwa bure, kwa hiyo zilitundikwa kila mahali, saluni, dukani, kwenye kibanda cha fundi cherehani. Washenga walipokuja kuposa binti yake waliikuta hapo jirani walipoketi kusubiri. Posa haikuvunjika, Mungu ni mwema, ila siku ile alikaa jikoni mpaka wageni wakaondoka.

Hakunigombeza. Alihama benchi tu. Akaanza kusali Majengo, anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Sasa ujue kilichonikata maini. Wewe umekulia kwenye minada yetu baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku amefungwa miguu, mayai kwenye kikapu, mwinjilisti anapaza sauti, mtu ananunua yai kwa bei ya kuku na kulirudisha liuzwe tena. Yule mama kila Jumapili alileta mayai mawili. Hayakuwahi kuachwa. Yai lake na la daktari yalikuwa kikapu kimoja, na hakuna aliyejua lipi ni la nani. Pale mnadani alijulikana kama mama wa mayai, mtoaji. Mimi, kwa kalamu ya siku moja, nikamfanya namba 11.

Habari za mzee Perkins nazo nilizisikia, mchungaji wetu mstaafu alitufundisha kwenye semina ya udiakonia, ile huduma ya kanisa kwa wahitaji. Alituandikia ubaoni mambo matatu: kuhamia kwa watu na kuishi nao, kupatanisha waliofarakana, na kugawana upya mali na nafasi. Watu wakanakili. Mimi nilikuwa nimekwama kwa mama yake. Perkins alizaliwa 1930 jimbo la Mississippi, na mama yake akafa yeye akiwa kichanga, kwa pelagra. Sisi wauguzi tunaijua pelagra, ni ugonjwa wa mtu anayekula mahindi siku nenda siku rudi bila kitoweo. Kwa hiyo alipokuja kusema habari za njaa hakuwa anahadithiwa.

Kisha kuna habari ya majani makavu. Akiwa mtoto bado, alifanya kazi kutwa kumbebea mzungu mmoja majani ya mifugo, akitegemea dola moja na nusu. Jioni akapewa senti 15. Alitaka kuzitupa, akaona hana ujasiri, akaondoka nazo. Njiani akawa anawaza: shamba ni lake, majani ni yake, mkokoteni na mnyama wa kuukokota ni vyake, mimi nimekuja na mikono tu, ndiyo maana bei amepanga yeye. Mtoto huyo aliacha shule akiwa darasa la tatu hivi, lakini jioni ile alielewa jambo ambalo sisi wazee wa kanisa, na vyeti vyetu, hatukulielewa tuliposhika orodha.

Na mkimtaja, mtajeni na gharama yake. Kaka yake, Clyde, alitoka vitani akapigwa risasi na askari wa mji mwaka 1946. Perkins akakimbilia California, akapata kazi, maisha yakamnyookea. Mwaka 1960 akarudi Mississippi, kule kule, na mkewe Vera Mae na watoto. Februari 1970 polisi walimpiga jela mpaka karibu afe. Hata ule umoja wa makanisa na vikundi alioshiriki kuuanzisha, watu wanaofanya kazi hii Marekani, ulikuja 1989, miaka 29 baada ya kurudi. Mimi sisemi mkae Pasua miaka 29. Nasema jina la mtu wa namna hiyo halitoshi kwenye fulana ya safari ya siku moja. (Kama fulana zimeshachapwa, vaeni kulalia.)

Hapa kwetu jambo la kuhamia limekaa kinyume. Mwalimu, muuguzi, mwinjilisti, wote tulikuwa tunaishi humu humu. Shida yetu ni kuondoka: mtu akipata, anapanda juu, anajenga Shanty Town. Baba yako alikuwa hachoki kucheka kwamba Moshi ndio mji ambao mtaa wenye jina la vibanda ndio wenye majumba na mbwa wakali. Nilipopata kiinua mgongo uliniuliza kwa nini hatuhami, nikakujibu hela haitoshi. Ilitosha. Baba yako alisema akihama, nani atamsemea jirani kwenye kikao cha mtaa pale mtaro unapoziba? Basi tukaezeka upya, tukabaki, na mtaro unaziba mpaka leo, lakini anayepiga kelele yupo.

Nirudi kwa mama wa vitumbua. Nilikaa karibu mwaka mzima ndipo nikamfuata kuomba radhi. Nilimkuta anakoroga unga, hakuacha kukoroga. Nikasema niliyokuwa nimeyapanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Namba moja alikuwa nani?"

Nikanyamaza. Namba moja alikuwa mke wa baba yako mdogo. Wakati ule alikuwa na ng'ombe wa maziwa zizini.

Siku ile nilirudi nyumbani nikafungua Matendo sura ya 6. Tangu utoto nimeisoma kama habari ya kuchagua mashemasi. Soma tena. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Kanisa lile lilikuwa la mitume wenyewe, na bado orodha iliharibika! Wakachaguliwa saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yasome kwa sauti majina hayo. Yote ni ya Kiyunani. Mitume hawakuandika orodha mpya iliyo nzuri zaidi. Meza yenyewe iliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule uliokuwa unalia. Muda wote niliokuwa mzee wa kanisa sikuwahi kusikia hilo likihubiriwa, na mahubiri nimeyasikia mengi.

Kikoba chetu unachokijua, cha kuweka na kukopeshana, kilianzia hapo, kwenye unga ule, ingawa haikuwa siku hiyo. Akina mama 25, Wakristo na Waislamu, kwa hiyo hatukutani Ijumaa wala Jumapili, na sala ya kufungua ni ya kimya. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Hisa ananunua kila mtu mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti, mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, na kando kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Ufunguo mmoja anao mama wa vitumbua. Mimi sina, na sijawahi kuwa nao. Walinikubali kama mwanachama baada ya mzunguko wa kwanza, na nikichelewa natozwa faini kama kawaida.

Unataka kujua kanisa lilitoa nini? Chumba cha kukutania, na mtu wa kusoma fomu. Ilipokuja sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, vikundi kama chetu vikatakiwa kusajiliwa. Akina mama waliogopa, wakadhani ni kodi. Kijana mmoja wa kwaya aliyesoma uhasibu akakaa nao jioni tatu, akawasomea, wakaandika katiba kwa maneno yao wenyewe. Usajili ulipopatikana ndipo wakajua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haki hiyo ilikuwa inapita juu ya vichwa vyao kwa kukosa mtu wa kukaa nao jioni tatu. Hakuna aliyempiga picha kijana yule.

Sasa mchele wenu. Usidhani nimekuwa mtu wa kukataza kutoa. Njaa haingoji semina. Nyumba ikiungua tunakwenda na sufuria, na msibani hakuna anayeuliza aliyefiwa ana kipato gani. Ila mnatuletea mchele kwa basi kutoka Dar, na Mabogini iko hapo chini, unaiona ukisimama nyuma ya nyumba! Chekereni wanavuna mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi tangu miaka ya 1980, ile Wajapani walisaidia kujenga. Mama wa genge hapa kona anauza mchele huo kwa kilo, nusu na robo. Mkishusha magunia ya bure mbele ya genge lake wiki ya Krismasi, wiki anayoitegemea mwaka mzima, mtakuwa mmemsaidia nani?

Nilipeleka habari zenu kikobani Jumanne. Nilisema tu mmechanga na mnauliza. Wakajadiliana, mimi nikaambiwa ninyamaze kwa kuwa ni mama wa mhusika. Walichosema ni hiki. Hela ambayo haijanunua kitu itumeni kwa mweka hazina, iingie mfuko wa jamii, wao wanajua nani mgonjwa na nani kafiwa, na watawasomea matumizi kama wanavyosomeana. Mchele ulioshanunuliwa uuzeni huko huko. Madaftari yaje, Januari shule zinafunguliwa, kamati ya wazazi itayapokea. Kamera zibaki Dar. Na wanataka kujua kama kuna kati yenu anayeweza kuwafundisha kuweka hesabu kwenye simu, kwa sababu daftari letu limelowa mara mbili.

Kuhusu tarehe 23, walicheka sana. Ndiyo siku tunavunja kikoba. Wakati ninyi mmepanga kushusha mifuko, wale mliotaka kuwagawia watakuwa wamekaa chini ya turubai wanagawana hela yao ya mwaka mzima. Wamesema mnaweza kuja, si zaidi ya watano, mkae, msaidie kuhesabu. Viti mlete wenyewe.

Mama wa vitumbua bado anasali Majengo. Nimeacha kumwomba arudi. Lakini atakuwepo na ufunguo wake, na karai lake litakuwa jikoni. Amenituma nikuambie uje na chenji: anasema ulimaliza kidato cha sita ukiwa unadaiwa vitumbua vinne.

Mama yako