Kaptura Iliyokuwa Bado na Lebo

Juzi nimepokea ujumbe: "Shikamoo dada. Nimepandishwa kuwa kiongozi wa timu kwenye nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili. Naomba karatasi unazotumia kukagua ubora, wakaguzi wasije wakatukamata." Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Ila hayo maneno ya mwisho yamenikaa kooni, maana na mimi nilianza hivyo hivyo.

Nilikuwa nasimamia nyumba ya wapangaji watatu wenye ulemavu wa akili hapa England. Kwenye mfumo huu mtu ana mkataba wake wa kupanga, na huduma ina mkataba wake mbali. Kwa hiyo CQC, wanaosimamia ubora wa huduma, wanakagua kile anachofanyiwa mtu, kuogeshwa, kuvalishwa, kulishwa, lakini jengo si lao. Na kwa kuwa pale ni kwake, mkaguzi haingii bila mpangaji kuridhia. Wageni wa kuchungulia ni wachache. Unayebaki kuona ni wewe.

Mimi nilikuwa naona mafaili. Kila mwisho wa mwezi nilijifungia ofisini: karatasi za dawa zina sahihi zote, mafunzo hayajapitwa na wakati, alama asilimia 100. Nilijisikia, sifichi. Mpangaji mmoja, kijana asiyetumia maneno, mpango wake ulisema Jumanne apelekwe kuogelea, na daftari lilisema, "Amekwenda kuogelea, amefurahi sana." Jumanne iliyofuata, maneno yale yale. Na iliyofuata. Nikatia tiki.

Siku moja mama yake alikuja kumpangia nguo kabatini. Akatoka na kaptura ya kuogelea aliyomnunulia miezi minne nyuma, lebo ya dukani bado inaning'inia. Hakupaza sauti. Aliiweka juu ya faili langu akaniuliza, "Huwa anaogelea na nini?"

Kikaoni nilibebeshwa mzigo peke yangu. Meneja aliyekuwa akinidai asilimia 100 kila mwezi alikuwa akiangalia simu yake. Nilirudishwa zamu za usiku, na ilinichukua miaka miwili kupanda tena. Leo nasimamia nyumba tano. Naandika haya huku bado inaniuma.

Sasa ushauri. Nenda. Usikague ukiwa ofisini, nenda ukakae sebuleni saa mbili usiku, Jumapili, bila taarifa kwa wafanyakazi (mpangaji ndiye mwenye mlango, mbishie hodi yeye). Angalia kama wahudumu wanaongea naye au wanaongea wao kwa wao kana kwamba hayupo. Karatasi ya dawa isome pamoja na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Sahihi za wiki nzima zilizotiwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, uliza. Sentensi ikijirudia neno kwa neno, uliza. Kisha nenda tena.

CQC wana maswali matano: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Ina utu? Inamfuata mtu na mahitaji yake? Inaongozwa vizuri? Hakuna hata moja unaloweza kulijibu ukiwa umekaa na faili peke yake. Mateso waliyofanyiwa wagonjwa wa Winterbourne View, iliyokuwa hospitali ya watu kama wetu karibu na Bristol, nchi iliyaona mwaka 2011 kwa sababu mwandishi wa BBC aliomba kazi pale akaingia na kamera ya siri. Ndugu zangu, tunaosema tumekuja kuhudumia watu, tusingoje kamera.

Lakini sijamaliza ya kijana. Baada ya aibu ile nilimpeleka kuogelea mimi mwenyewe, na kaptura yake mpya. Alifika mlangoni, akasikia mwangwi wa kelele za watoto, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Ule mpango uliandikwa miaka kabla yangu, na hakuna aliyewahi kumuuliza tena. Wahudumu walijua hataki. Ilikuwa rahisi zaidi kuandika amefurahi kuliko kuandika amekataa, kwa sababu "amekataa" ningewahoji mimi, na "amefurahi" nilitia tiki.

Tulimtandazia picha mezani, akachagua basi. Jumanne sasa anapanda la ghorofa, kiti cha mbele kabisa juu, mpaka mwisho wa njia na kurudi.