Jibu: Choo kimepauka na kinaelea, wiki ya tatu sasa

Waalaykum salaam dada. Umesema choo cha mumeo kimepauka, kinaelea, kina mng'ao wa mafuta na harufu kali, naye anakonda ingawa anakula vizuri. Pia umeuliza kuhusu choo kuwa cheusi.

Kabla ya yote mtazame macho na mkojo. Macho yakiwa manjano, mkojo kama chai ya rangi na choo cheupe kama chokaa, usisubiri majibu ya humu, mpeleke hospitali leo. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake, na hapo huenda imezibwa njiani.

Kama hayo hayapo, dalili kama za mumeo zilinikuta mimi nikiwa Wete, Pemba, baada ya mwezi mzima wa kunywa maji ya kisima bila kuchemsha. Mafuta yalikuwa hayafyonzwi, yanatoka vilevile. Samaki wa nazi nikimla, usiku silali kwa tumbo kuunguruma! Kipimo cha kwanza cha choo hakikuona kitu, nikapewa dawa za gesi zisizonisaidia. Cha tatu ndicho kilichoonesha jiadia, vijidudu vya tumboni, kwani vijidudu hivyo havitoki kila siku. Basi mwambie apeleke choo cha siku tatu tofauti. Hata nilipopona, maziwa yalinisumbua wiki kadhaa.

Ule weusi wa choo uliouliza: vidonge vya madini ya chuma huleta choo cheusi, usitishike. Ila kikinata kama lami na hamezi vidonge hivyo, huenda ni damu, asikae nyumbani.

Mimi si daktari. Kisima chenu mnachemsha maji yake?