Mume wangu aliokolewa ziwani, lakini usiku bado anazama

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kayenze. Miezi saba iliyopita upepo ulipindua mtumbwi wao usiku. Yeye aliokolewa alfajiri akiwa ameng'ang'ania dumu tupu la mafuta, lakini mdogo wake aliopolewa siku ya tatu akiwa amekwisha kufariki. Tangu hapo halali. Akisinzia huzinduka akipiga kelele na kumwita marehemu, jasho likimtiririka. Bati la jiko likigongwa na upepo anaruka. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hakanyagi, na nikikaanga dagaa anatoka nje. Juzi alisema afadhali angezama yeye. Ndugu wanadai ni mizimu ya ziwa, na duka la dawa wanatuuzia vidonge vya usingizi. Mimi sijawahi kupanda mtumbwi wa uvuvi, lakini sasa naota nazama. Je, nami naumwa? – Mama watoto, Kayenze, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana kwa msiba wa shemeji yako.

Nianze na neno lililonishtua kuliko yote, yaani lile la afadhali angezama yeye. Usilichukulie kuwa ni maneno ya uchungu tu. Mwulize waziwazi, mkiwa wawili, kama amewahi kufikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, asiachwe peke yake, kamba na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Dalili ulizozieleza zinafanana sana na msongo unaofuata kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Katika wiki za mwanzo baada ya ajali, kukosa usingizi na kushtukashtuka huwapata watu wengi na kwa wengi hupungua wenyewe. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake, hapo tunazungumzia ugonjwa. Ubongo wake unaendelea kupiga king'ora cha hatari ambayo imekwisha kupita, ndiyo maana mlio wa bati na harufu ya dagaa humrudisha majini kana kwamba ni usiku uleule. Huo si woga, wala si upungufu wa uanaume. Wanaosema ni mizimu siwabezi, kwa kuwa wanatafuta maelezo ya jambo zito, na kama ukoo unataka kumfanyia marehemu ibada ya kumuaga, ifanyeni. Ila isichukue nafasi ya matibabu.

Kuhusu vidonge: vile vya jamii ya diazepamu humlaza mtu usiku mmoja bila kugusa kiwewe chenyewe, na vikizoeleka ni vigumu kuviacha. Msivikatishe ghafla kama amevitumia kwa muda mrefu. Chukueni pakiti, muonyesheni daktari.

Tiba iliyothibitika zaidi ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, mara nyingi vikao 8 hadi 12, ambamo mgonjwa husimulia tukio kidogokidogo na kuyasogelea anayoyakwepa kwa hatua anazozimudu: leo kuliona ziwa kutoka barabarani, siku nyingine kufika mwaloni mchana. Kwa hiyo msimsukume arudi kuvua ili azoee, na wala msiyafute maisha yote ya ziwa nyumbani. Ziko pia dawa, kama sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu na hutolewa na daktari. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Mnaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa.

Anapozinduka usiku usimkamate wala kumtikisa. Washa taa, mwite kwa jina lake ukiwa umejitenga kidogo, umwambie, "Uko nyumbani Kayenze, ni usiku, mimi ndiye mkeo." Mpe maji, aweke miguu sakafuni ausikie ubaridi wake.

Sasa wewe. Swali lako umeliweka mwishoni, na nahofu hata nyumbani unajiweka mwishoni. Watu wa kanda hii tunakumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Mazungumzo yetu huishia mara nyingi kwenye idadi ya waliokufa, na wanaoamka usiku kuwatuliza walionusurika hatuwataji. Madaktari wanatambua kwamba kiwewe kinaweza kumpata hata mtu ambaye hakuwa kwenye tukio, akipata habari za kifo cha ghafla cha ndugu yake wa karibu. Wewe umefiwa na shemeji, na kwa miezi saba umekuwa ukisikia kelele zilezile kila usiku. Kuota unazama si wazimu wala si kuambukizwa mizimu. Ninachoweza kusema kutokana na barua ni kwamba unahitaji kupimwa kama yeye.

Omba shemeji mwingine au mjomba mmoja alale kwenu angalau usiku mmoja kila wiki, nawe uende ukalale kwa mama au kwa dada yako, usingizi kamili. Siku ya hospitali nendeni pamoja, lakini mapokezi waambie wazi kwamba wagonjwa ni wawili, ufunguliwe faili lako, na umwone daktari peke yako bila mumeo kuwa chumbani.