TV ya chogo imekosa picha? Usikimbilie kubadili fulaibeki

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alifika kibandani kwangu na TV ya chogo ya inchi 21, ameifunga kanga na kuipakia kwenye bajaji. Akanieleza ugonjwa wake vizuri kuliko mafundi wengi: "Ilianza kulia kama samaki anakaangwa, hasa asubuhi na siku za mvua. Ikawa inanuka. Juzi ikapiga pah, ikazima." Fundi aliyeiona kabla yangu alimwambia fulaibeki, ile transfoma ya umeme mkubwa wa kioo, imekufa, na bei aliyomtajia ilikaribia bei ya TV nyingine ya mtumba.

Fulaibeki ilikuwa nzima. Nimeyaona haya mara nyingi mno, ndiyo maana leo nimekaa kuandika. TV ikikosa umeme mkubwa wa kioo, lawama ya kwanza huiangukia fulaibeki kwa sababu ndiyo inayouzalisha. Lakini fulaibeki hulishwa na wengine, na inapokosa kulishwa, au inapolishwa kupita kiasi, matokeo machoni ni yaleyale: kioo cheusi.

Kabla hujagusa chochote, tuzungumzie kifo. Kioo cha rangi cha inchi 21 hufanya kazi kwa volti kama 25,000. Kimepakwa rangi nyeusi ya grafaiti ndani na nje, na glasi iko katikati, kwa hiyo chenyewe ni kapasita kubwa inayotunza chaji hata ukishachomoa plagi. Mimi hutumia bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki, nimeifunga waya wenye klipu. Klipu naibana kwenye ule msuko wa waya mtupu unaopita mgongoni mwa kioo, halafu ncha ya bisibisi naisukuma taratibu chini ya kikombe cha raba, pale waya mnene wa fulaibeki unapoingia kwenye kioo, mpaka iguse chuma. Wakati mwingine utasikia "ta!", wakati mwingine kimya. Vyovyote iwavyo, subiri dakika chache urudie, kwa sababu kioo kina tabia ya kujirudishia chaji kidogo. Klipu usiibane kwenye hitsinki (bati la kupozea) ya karibu kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi. Nimeona aisi, vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi, zikifa kwa uvivu huo.

Halafu kuna kapasita kubwa ya upande wa pawa, yaani unaopokea umeme wa ukutani. Umeme wetu wa volti 230 ukishapita kwenye daraja la dayodi huwa volti 320 hivi, na hizo zinaua kwa urahisi kuliko zile 25,000. Imalize chaji kwa balbu, usiipige shoti kwa bisibisi. TV ikiwa na umeme, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, na awepo mtu karibu anayejua swichi iko wapi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kwenye mkanda wa suruali. Nilikasirika wakati ule. Leo namwombea dua.

Sasa uchunguzi. Washa TV uangalie shingoni mwa kioo, pale kwenye bodi ndogo ya nyuma. Kuna mwanga mwekundu mdogo? Katika TV nyingi hizi umeme wa kuupasha uzi unaotoa mwanga huo hutoka kwenye fulaibeki yenyewe, kwa hiyo ukiwaka, fulaibeki inafanya kazi. Sogeza mkono mbele ya kioo wakati wa kuwasha: vinyweleo vikisimama, umeme mkubwa upo. Hapo pandisha kidogo kitufe cha skrini kilichopo chini kwenye fulaibeki. Ikitokea nuru yenye mistari ya mlazo, ugonjwa unautafuta mahali pasipo pake. Nenda kwenye mambo ya picha. Ukimaliza, rudisha kitufe pale kilipokuwa.

Na ile tabia ya kuvuta cheche kwa bisibisi ili "kuona kama umeme upo", tafadhali acha. Cheche moja inatosha kuua transista uliyoinunua asubuhi. Mita ya kawaida nayo usiipeleke kwenye kikombe. Haikutengenezwa kwa volti hizo.

Kama hakuna mwanga wala vinyweleo, pima ile transista kubwa inayoendesha fulaibeki. Ikiwa imepiga shoti, usiweke mpya kwanza. Hapa ndipo pesa za wateja hupotelea. Mwaka wangu wa kwanza niliunguza transista tatu kwenye TV moja ndani ya siku nne, kila mara nikiamini nimeuziwa feki. Zilikuwa halisi. Tatizo lilikuwa kapasita ndogo ya mikrofaradi 47, volti 50, upande wa pawa, ambayo joto lilikuwa limeikausha. Umeme uliotakiwa kuwa volti 115 ulikuwa ukipanda hadi 150 na ushee kila ninapowasha.

Tangu siku hiyo sina mjadala: natoa transista, nafunga balbu ya wati 60, ile ya zamani ya uzi, kati ya laini ya umeme unaokwenda kwenye fulaibeki na graundi ya upande huohuo, halafu nawasha na kupima. Namba sahihi mara nyingi imeandikwa kwenye bodi yenyewe, 103, 110, 115 au zaidi kidogo. Ikisoma hivyo na ikatulia, pawa haina kosa. Ikipanda, tengeneza pawa kwanza, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Kipo na kifaa kimoja kinachodharauliwa sana: kapasita ya volti 1,600 au 2,000 iliyo jirani na transista hiyo, mara nyingi bapa, ya kahawia au bluu. Hiyo ndiyo inayopanga umeme wa kioo utapanda hadi wapi. Ikipungua nguvu au mguu wake ukiachia, volti za kioo hupaa, transista hufa, na kioo chenyewe kinaweza kutoa mionzi ya eksirei kuliko inavyoruhusiwa. Kuna TV zina ulinzi wa kujizima hali hiyo ikitokea. Fundi akiukata ulinzi ili "ikubali kuwaka", anamletea mwenye nyumba hatari sebuleni. Ibadilishe kwa thamani ileile kabisa. Namba ya karibu haifai.

Pawa ikiwa sawa na kapasita hiyo ikiwa sawa, weka transista, lakini ile balbu sasa iunganishe kwa mfuatano kwenye laini inayolisha fulaibeki. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti mbele. Bado usiseme fulaibeki! Zima, toa chaji, pima dayodi ndogo zinazotoka kwenye miguu ya fulaibeki kwenda kulisha aisi ya wima (inayotanua picha juu na chini) na sehemu nyingine. Dayodi moja iliyopiga shoti huifanya fulaibeki nzima ionekane mbovu. Kisha ichunguze koili iliyovaa shingo ya kioo. Inaweza kushikana nyuzi ndani, hasa panya au mende wakiwa wamejenga humo. Vyote hivyo vikiwa safi, hapo ndipo ninapoituhumu fulaibeki, na hata hapo mita haitakusaidia: mzunguko mmoja ukishikana ndani, usomaji wa om haubadiliki kwa kiasi utakachokiona. Njia ya uhakika ni kuweka nyingine yenye namba ileile. Kuziba tundu la fulaibeki inayovujisha cheche kwa gundi nimejaribu. Hudumu wiki, mara nyingine mwezi, halafu mteja anarudi akiwa na haki ya kukasirika.

Na usisahau risasi ya kuchomelea. Fulaibeki ni nzito na hupata joto, miguu yake huachia ikazungukwa na kaduara kembamba ambako jicho halikaoni bila tochi. Ile TV inayowaka ukiipiga kofi, anza hapo. Kwaruza, chomelea upya, jaribu.

Turudi kwa mama wa Ngamiani. Pwani yetu ina adui wake, nao ni chumvi na vumbi. Nilitoa chaji, nikainua kikombe cha raba. Chini yake kulikuwa na ukoko mweusi unaonata, na kutoka chini ya ukoko ule mstari mwembamba umetambaa juu ya glasi kama mzizi wa mpapai, umeelekea moja kwa moja kwenye grafaiti. Umeme ulikuwa umejichongea barabara. Cheche za mwisho zilikwenda na transista. Nilisafisha kwa spiriti na kitambaa mpaka glasi ikalia chini ya kidole, nikasafisha na raba yenyewe ndani na nje, nikaiacha ikauke vizuri, maana mvuke wa spiriti na cheche havikai pamoja. Pawa niliipima kwa balbu: 112, imetulia. Nikaweka transista mpya.

Usiku nilizima taa za kibanda na kuiwasha TV gizani. Hivi ndivyo uvujaji unavyoonekana: ukiwepo, utauona kama ukungu wa zambarau ukicheza pembeni mwa raba, na pua itapata harufu kali inayofanana na ya baada ya radi. Nilikaa dakika ishirini nikiangalia. Giza tupu, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Asubuhi alikuja na king'amuzi chake mkobani kwa sababu hakutaka kuondoka bila kuona. Tukachomeka waya tatu za rangi nyuma, taarifa ya habari ikatokea. Alilipa bei ya transista na ufundi, akaifunga TV yake kwa kanga ileile.